Mwaka Tulipoipima Dunia kwa Mpini wa Ufagio

Rukia alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji yachemke. "Wakesho," alisema, "Baba ametangulia." Alifariki alfajiri, kitandani mwake, nyumbani kwa Rukia kule Walthamstow, akiwa amekwisha kusali. Nilimwambia nakuja. Birika likajizima lenyewe nami nikabaki nimelishika mpini bila kumimina chochote, nikifikiria kwamba sasa hakuna tena mtu wa kunipigia simu Jumapili mchana kuniuliza kama wale wanasayansi wa redioni wamekwisha kupata kile wanachokitafuta, au bado wanakisia.

Mzee Faki, baba yake Rukia, hakuwa baba yangu wala ndugu wa mbali. Yeye alikuwa Mpemba na mimi ni Mtaita; yeye Mwislamu wa swala tano na mimi nimekulia kwenye kwaya ya kanisa. Habari za kwetu Wundanyi, na jinsi nilivyofika Uingereza, nitaziacha, maana hazina uzito katika haya ninayotaka kueleza. Ninataka kueleza mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na nimepanga chumba cha ghorofani, juu ya jiko lake, mtaani Kilburn, London. Nimeishi miaka mingi baada ya huo, nimesoma, nimefanya kazi mpaka nimestaafu, lakini nikiulizwa nilianza lini kutumia akili yangu mwenyewe, ni mwaka ule.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, kabati lisilofunga vizuri, na dirisha lililotazama uani. Kwenye kona lilipita bomba la maji ya moto lililotoka jikoni kwao, na fundi aliyelipitisha alitoboa tundu pana kuliko bomba lenyewe. Kupitia tundu hilo nilipata joto, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, na mazungumzo yao yote. Kwa hiyo nilimjua Mzee Faki kwa sauti kabla hatujakaa meza moja. Alikuwa akigombana na redio. Jioni moja mtaalamu fulani alikuwa anaeleza umri wa ulimwengu, nami nikasikia kijiko kikiwekwa mezani kwa kishindo.

"Miaka bilioni na bilioni! Ulikuwepo weye?"

"Mwache mtu wa watu, Baba Rukia," akasema mkewe, Bi Riziki. "Hakusikii."

"Miye sisemi ni mwongo. Nauliza, kajuaje?"

Mwanzoni nilimdhania mzee mbishi tu. Baadaye nilikuja kuelewa ubishi wake ulikotoka. Ujanani alikuwa karani wa forodha bandarini kwao Pemba, na baada ya kuikimbia nchi alifanya ukarani tena London, katika ofisi ya mizigo ya meli, mpaka magoti yakamkatalia ngazi. Maisha yake yote alisoma karatasi zinazosema ndani ya sanduku mna kitu fulani, kisha akafungua sanduku. Aliwahi kuniambia kwamba karatasi zenye mihuri mingi zaidi ndizo alizozifungulia sanduku kwanza. Redio, vitabu, maprofesa, kwake vyote vilikuwa karatasi zenye mihuri. Hakuwa na chuki navyo. Alitaka tu kuona sanduku. Alikuwa na daftari la jalada gumu alilolichora mstari katikati ya kila ukurasa: upande mmoja aliandika yale aliyoyaona mwenyewe, upande wa pili yale aliyoambiwa. Upande wa pili ulikuwa umejaa mpaka pembezoni.

Mimi nilikuwa kinyume chake kabisa. Asubuhi nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mara tatu kwa wiki nilikwenda kwenye kozi ya sayansi iliyokuwa inatuandaa kuingia chuo kikuu. Nilitaka kazi ya maabara. Njia yangu ya kusoma ilikuwa kukariri. Nilikariri ndani ya basi, nilikariri nikitandika vitanda vya watu. Basi mwezi wa pili tukarudishiwa mtihani wa fizikia na nilikuwa nimepata chini ya nusu. Swali la mwisho liliuliza mtu anawezaje kujua ukubwa wa dunia bila kuizunguka. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba mzingo wa dunia ni kilomita elfu arobaini. Mwalimu alipiga mstari chini yake na kuandika kwamba hilo ni jibu la swali jingine.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye ngazi bila kuvua koti. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Jumatatu nitapiga simu niiache kozi. Bi Riziki alifungua mlango wake kutoa takataka, akanikuta.

"Yakhe, mbona umekaa baridini kama mgeni aliyekosa mwenyeji? Ingia ndani."

Nikaingia. Palikuwa na mbaazi za nazi na mkate wa ufuta aliouoka mwenyewe juu ya jiko la gesi, akiigeuza sufuria kichwa chini juu ya moto ili uive upande wa juu huku mimi nikiogopa ataichoma nyumba. Chumba chenyewe cha jiko kilikuwa kidogo hivi kwamba mtu akitaka kufungua friji, mwingine alibidi asimame. Nilikula, nikalia kidogo, nikaeleza. Mzee Faki aliomba auone mtihani. Aliusoma wote, polepole, miwani ikiwa imeteremka puani, kisha akaweka kidole kwenye swali la mwisho.

"Hapa umeandika elfu arobaini. Umeipata wapi?"

"Kitabuni, Mzee."

"Na aliyeandika kitabu kaipata wapi?"

Nilisema kwa hasira kidogo kwamba kila mtu anajua ni elfu arobaini.

"Miye sijui," akasema, na hakuwa anatania. "Nimeambiwa. Na weye pia umeambiwa. Basi siye wawili hali yetu ni moja, mwanangu. Huyo mwalimu wako hakukuonea. Kakuuliza swali zuri ambalo miye nimelitaka miaka mingi."

Hivyo ndivyo nilivyokosa kuiacha kozi. Jumatatu, badala ya kupiga simu, nilimfuata mwalimu nikamwomba anieleze. Akaniambia habari ya vivuli: ukisimamisha fimbo sehemu mbili zilizo mbali, jua likiwa juu kabisa, vivuli havitalingana, na tofauti ya pembe zake inakuambia ni kipande gani cha duara kilicho katikati ya sehemu hizo mbili. Nilimpelekea Mzee Faki maneno hayo jioni hiyo hiyo, nimesimama mlangoni bado na mkoba begani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye tundu la bomba.

"Kumbe! Kivuli cha adhuhuri! Hicho tunakipima tangu utoto, ili tujue wakati wa swala. Jua likipinduka, kivuli kinaanza kurefuka tena. Riziki, sikia haya!"

Dada yake Mzee Faki, Mwalimu Salma, alikuwa anafundisha shule ya msingi kule Wete, Pemba. Tulinunua kadi ya simu, tukampigia, nami nikiwa nimesogeza sikio nilimsikia akisema, "Kaka, unataka nipime kivuli cha fimbo? Kwani huko London mmekosa kazi?" Lakini alikubali. Tulichagua tarehe ishirini na moja Machi. Yeye angesimamisha fimbo ya mita moja kwenye uwanja wa shule, na sisi mpini wa ufagio wa Bi Riziki, uliokatwa mita moja kamili, uani Kilburn.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini. Kuanzia asubuhi mbingu ilikuwa kama blanketi kuukuu. Mzee Faki alivaa kofia yake ya vito, ile iliyotariziwa kwa mkono, na koti zito juu ya kanzu, akachomeka mpini kwenye ndoo ya mchanga na kuunyoosha kwa uzi wenye jiwe. Tukakaa kwenye viti vya jikoni tukitazama juu. Jirani mmoja Mwairishi alichungulia juu ya ukuta akauliza tunangoja nini. Mzee akamjibu kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba tunalingoja jua, naye akatutakia heri kwa uso wa kutuonea huruma. Ilipokaribia saa sita mchana mawingu yakaachana. Nilipiga magoti sarujini nikaweka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli, kila baada ya dakika mbili, mpaka alama zikaacha kurudi karibu na zikaanza kwenda mbali. Alama fupi kuliko zote ilikuwa sentimita mia moja na ishirini na sita. Mwalimu Salma alipata sentimita tisa tu, na kivuli chake kilielekea kusini wakati chetu kilielekea kaskazini. Sikumbuki furaha nyingine ya mwaka ule iliyofanana na ile ya kuelewa, kwa akili yangu, kwamba kwa sababu hiyo pembe zetu mbili zinapaswa kujumlishwa.

Tulipata nyuzi hamsini na sita na nusu. Ilibaki umbali. Mzee Faki alikwenda kwenye duka la tiketi za ndege barabara kuu ya Kilburn akauliza ndege inakwenda kilomita ngapi kutoka London mpaka visiwani kwao, na akarudi na jibu: elfu saba na mia nne, hivi. "Hawa nawaamini," alisema. "Wananunua mafuta. Hawawezi kujidanganya." Tulipiga hesabu mezani, mimi kwa kikokotoo na yeye kwa penseli. Wote wawili tukapata kilomita elfu arobaini na saba.

Nilidhani tumekosea kuzidisha. Tukarudia, ikatoka ile ile. Na hapo nikaona kitu kikiwaka usoni mwa Mzee Faki ambacho kilinifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja.

"Wamekosea," alisema polepole. "Elfu saba zimepotea, na hakuna aliyefungua sanduku."

Kwa wiki mbili zilizofuata hakukuwa na mazungumzo mengine. Alimwambia katibu wa jumuiya ya Waswahili waliokuwa wakikutana ukumbini mara moja kwa mwezi kwamba ana jambo la kuwasomea, na aliliandika kurasa sita. Nilisikia kupitia tundu la bomba akijizoeza kulisoma. Lakini nikasikia na jambo jingine. Bi Riziki alikuwa ameanzishiwa dawa ya shinikizo la damu majira ya baridi, na asubuhi moja nilimsikia mumewe akimwambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Kama wamekosa kuipima dunia nzima, Riziki, hiki kidonge kidogo nani kakipima?" Sikusikia jibu lake. Nilichokiona baadaye ni pakiti ya vidonge imepandishwa juu ya kabati, nyuma ya kopo la hiliki. Jumamosi moja nilimwona Bi Riziki akishika ukingo wa jiko kwa mikono miwili, macho amefumba. "Kizunguzungu tu," aliniambia. "Usimwambie." Nilimsihi arudie dawa zake, akasema mumewe ameomba wangoje kidogo. Alimpenda, na hakutaka kumvurugia furaha ambayo mzee hakuwa ameipata tangu aache kazi.

Kule nyumba ya wazee kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu wa zamani, aliyekuwa na tufe la dunia dirishani. Siku moja nikimchana nywele aliniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikalivuta tufe, nikaweka kidole London na kukiteremsha mpaka Kenya, na kidole changu kikaenda mshazari. Nikasimama na kichana hewani. Nilikirudisha kidole London nikakiteremsha moja kwa moja kusini. Hakikufika Kenya wala Pemba. Kiliishia baharini, magharibi mwa Afrika. Jua la adhuhuri linakuambia umekwenda kiasi gani kusini. Halina habari ya ulivyokwenda mashariki. Ndege ilikuwa imekwenda kote kuwili, na sisi tulichukua safari yake nzima tukaifanya ya kusini peke yake. Vitabu havikukosea. Tulikosea sisi.

Sasa nikiwa mzee naona ni jambo dogo, kumwambia mtu hesabu yake ina kasoro. Wakati ule lilikuwa zito. Meza ile ndiyo ilikuwa nyumba yangu London. Nilikuwa msichana, mpangaji, na yeye mtu wa kulingana na babu yangu ambaye tayari alikwisha kuwaalika watu. Nilimwomba yule bibi aniazime tufe, nikapanda nalo kwenye basi ndani ya mfuko wa plastiki, na njia nzima nilitunga namna za kusema. Nilipofika nilisahau zote.

"Mzee, tumekosea," nilisema. "Kosa ni letu. Naomba nikuonyeshe."

Bi Riziki alizima jiko. Nilimwonyesha kwa kidole, kusini, kisha mashariki. Aliniambia, "Rudia," nikarudia. Akalichukua tufe, akaliweka mapajani, akafanya mwenyewe kwa kidole chake kinene, mara moja, mara ya pili. Kisha akasimama, akatoka uani, akafunga mlango nyuma yake. Kupitia kioo nilimwona amesimama pale penye alama za chaki, mikono nyuma.

"Mwache," Bi Riziki akaninong'oneza. "Nenda kapumzike."

Nilipanda chumbani nikakaa sakafuni karibu na bomba. Niliamini nimempoteza. Baada ya muda nilisikia mlango wa uani, kisha kiti kikivutwa. Halafu sauti yake, ya chini sana.

"Riziki. Vile vidonge vyako umeviweka wapi?"

Nikasikia kiti kikiburutwa mpaka kwenye kabati, kopo la hiliki likisogezwa, na maji ya bomba yakijaa kwenye glasi. "Meza," alisema. "Kisha kesho nitakwenda nawe kwa daktari, nimwambie nilifanya nini." Bi Riziki alijibu kitu nisichokisikia. Kisha Mzee Faki akainua uso, nadhani, maana sauti ilikuja moja kwa moja kwenye tundu: "Wakesho! Shuka, mwanangu. Uje na hilo kokotoo lako. Tunaanza upya."

Tulipima tufe kwa uzi wa cherehani wa Bi Riziki, kutoka London kwenda kusini mpaka usawa wa Pemba, tukapata kilomita elfu sita na mia mbili, na dunia yetu ikawa elfu thelathini na tisa na mia tano. Mzee Faki aliiandika namba hiyo kwenye daftari lake. Chini yake aliandika kwamba tufe lilichorwa na watu wengine, kwa hiyo hapo tumeamini. Na kwamba mkono wa Wakesho ulitetemeka kwenye chaki. Aliniambia kuandika hivyo si aibu, aibu ni kuficha.

Jumapili ya mkutano alikwenda ukumbini kama alivyoahidi. Nilidhani angeahirisha. Alisimama mbele ya watu kama arobaini, akawasomea kurasa zake sita zote, mpaka elfu arobaini na saba, watu wakaanza kunong'onezana, kisha akakunja karatasi na kusema, "Haya yote niliyowasomea ni makosa. Nami niliyapenda mno, mpaka nikamwambia mke wangu aache dawa. Aliyenitoa kwenye kosa hili ni yule msichana wa Taita pale nyuma. Wakesho, simama watu wakuone. Namshukuru." Mzee mmoja akauliza, huku wengine wakicheka, "Kwa hiyo Faki, vitabu vilikuwa sahihi tangu mwanzo?" Akajibu, "Ndiyo. Ila mwezi uliopita nilikuwa nimeambiwa. Sasa najua, na najua na pale nisipojua." Nilisimama nimeinamisha kichwa, uso unaniwaka, na sikuwahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, hata siku ya kuhitimu.

Hakuacha kubisha. Alinunua mashine ya kupimia shinikizo la damu, akawa anampima Bi Riziki kila asubuhi kabla ya chai na kuandika, akaona kwa macho yake namba zikishuka wiki baada ya wiki; na hapo ndipo kidonge kilipohamia upande wa mambo aliyoyaona. Redio iliposema kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu ni kitu ambacho hakuna aliyekiona, alisema atasubiri, na aliponiuliza kama mimi nakiamini nilimwambia hata wao wenyewe wanakitafuta. Hilo lilimpendeza. "Basi hao ni watu wa kweli," alisema, "wakikubali kwamba wanatafuta." Kwenye usaili wa chuo kikuu waliniomba nieleze jambo nililojifunza. Niliwaeleza habari ya mpini wa ufagio, na kosa letu, na jinsi nilivyoligundua. Walinichukua. Septemba nilihama Kilburn nikiwa na sanduku moja na chungu cha mbaazi kilichofungwa kwa kanga. Miaka yote ya kazi yangu, nikiwa na damu ya watu nisiowajua mbele yangu kwenye vichupa, sikupeleka jibu wodini bila kujiuliza nimelijuaje. Nina hakika wapo watu waliokwenda nyumbani salama kwa sababu hiyo, wasiojua kwamba palikuwa na mzee huko Kilburn.

Jumatano tulikuwa Walthamstow. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika, na chumba cha mbele kilijaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka kwenye korido. Bi Riziki, aliyepita miaka tisini sasa, alikaa kwenye godoro ukutani. Mjukuu wake Maryam, binti ya Rukia, anayesikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikaa kando yangu akaniuliza kama kweli ni mimi niliyemkosoa babu yake, maana wao walidhani ni hadithi tu. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kama alikasirika.

"Alitoka uani," nilimwambia. "Kama muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha akarudi ndani kumtafutia bibi yako dawa."

Bi Riziki alikuwa anasikiliza. Alinyoosha mkono, akanivuta mpaka nikakaa godoroni ubavuni pake.

"Ndio maana," alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "nimepata miaka mingi hivi ya kugombana naye."

Wanawake wakacheka, hata Rukia mlangoni na sinia mkononi. Bi Riziki naye alicheka, kisha akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, na mkono wangu hakuuachia.